Twafunga milango, funguo ziko barazani: barua ya wazi kutoka Lamu

Kwa Kamishna wa Kulinda Data, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, Serikali ya Kaunti ya Lamu, na wakuu wa kampuni za simu na za mikopo.

Waheshimiwa, pokeeni salamu za heshima kutoka Langoni.

Mimi ni wakala wa fedha za simu. Duka langu liko hatua chache kutoka Usita wa Mui, na kwa miaka kumi na mmoja nimelifungua kila asubuhi isipokuwa siku za Idi na siku za msiba. Chini ya meza yangu kuna sanduku la bati, na ndani yake mna vitabu vinane vya mistari. Kila mstari una jina la mtu, namba ya kitambulisho chake, namba yake ya simu, pesa alizoweka au kutoa, na sahihi. Ndivyo nilivyofundishwa kazi: mteja akija, aandikwe. Kwa miaka mingi kitabu kilikaa wazi juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi, na kila aliyengoja zamu yake aliweza kuwasoma wote waliomtangulia. Sikuona ubaya. Leo nauona, na nimegundua kwamba meza kama yangu ziko kila mahali mnapopasimamia ninyi.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, mvuvi wa Kizingitini, mtu mzima aliyelea watoto wake kwa kamba mawe na pweza. Asubuhi moja alishuka botini akaja moja kwa moja dukani. "Mwanangu, hebu nitazamie chombo hiki. Tangu magharibi kimekufa." Nikaitazama. Simu ilikuwa nzima. Kilichokufa ni laini.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyempigia. Akasema ndiyo, jana baada ya alasiri, mtu mwenye adabu sana, aliyemwamkia shikamoo na kumtaja kwa majina yake yote matatu. Mtu huyo alimsomea namba ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, akamwambia kwamba anasahihisha orodha ya wavuvi wa fidia ya bandari. Wenyeji mnajua jambo hilo lina uzito gani huku. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya, na tangu hapo hakuna mvuvi asiyetega sikio akisikia neno orodha. Mpigaji aliuliza mambo mawili tu: mzee alizaliwa mwaka gani, na mara ya mwisho alimtumia nani pesa. Kisha akamwomba azime simu kwa muda wa saa moja "ili rekodi zitulie." Mzee akaizima. Akaenda kuswali.

Kabla ya isha laini yake ilikuwa imeshahamishiwa kadi nyingine, katika simu ya mtu asiyemjua. Akiba yote ya msimu ikatolewa. Usiku huohuo ukachukuliwa mkopo kwa jina lake, na wa pili, kutoka kwa wakopeshaji wa simu ambao hajawahi hata kuwasikia. Hakupoteza kitambulisho. Kilikuwa mfukoni mwa shati lake, kimefungwa ndani ya karatasi ya nailoni ili kisilowe maji ya bahari, kama anavyokifunga siku zote.

Nawaomba mzingatie hapo. Mzee alikilinda kitambulisho chake kuliko anavyoilinda simu. Kadi haikuibiwa. Kilichoibiwa ni yeye.

Niliporudi kukaa peke yangu nikajiuliza mpigaji aliyapata wapi majina matatu, namba ya kitambulisho na namba ya simu, vyote pamoja, vya mtu yuleyule. Jibu la kwanza lililonijia lilinichoma: kitabu changu. Ami yangu hutoa pesa kwangu. Lakini nikaendelea kuhesabu. Yamo katika daftari la afisi ya basi, maana huwezi kukata tiketi ya Mombasa bila jina, kitambulisho na simu. Yamo katika daftari la lojing aliyolala alipompeleka mkewe hospitalini. Yamo kwenye orodha za wavuvi, ambazo zimenakiliwa mara zisizohesabika. Yamo kwenye kitabu cha soja wa geti, katika kila afisi aliyoingia hata kwa dakika tano kuuliza swali. Yamo kwenye simu ya kijana aliyekuwa akisajili laini upya mwaka 2022, wakati tulipoambiwa tusipojisajili hadi Oktoba 15 laini zitazimwa, tukapanga foleni juani, na vijana wakatupiga picha sisi na vitambulisho vyetu kwa simu zao wenyewe. Picha zile ziko wapi leo? Hakuna aliyewahi kutuambia.

Nimewahi kununua bajia zikafungwa kwa karatasi, nikaifungua nyumbani nikakuta ni kopi ya kitambulisho cha mama mmoja, mbele na nyuma. Sura yake, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, mpaka kata na kata ndogo anakotoka. Niliichoma jikoni. Nimewahi pia kuona orodha imebandikwa ukutani mwa afisi moja ya umma, kila jina na namba ya kitambulisho ubavuni mwake, na namba ya simu. Ilikaa pale mpaka upepo wa kusi ukaichana, na vipande vikaokotwa na watoto waliokuwa wakicheza.

Waheshimiwa, jengeni picha ya nyumba ya Kiamu. Mkipita Mkomani mnaona mlango wa nakshi, na mbele yake daka lenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni hukaa dakani. Akiwa wa karibu zaidi hupita tekani, ambapo njia imepindwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Baada yake kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vyumba virefu vya kukaa, na ndani kabisa ni pa watu wa nyumbani peke yao. Wazee waliojenga vile walijua kwamba si kila anayebisha hodi anastahili kuona kila kitu. Mtu aliyekuja kuuza samaki anamalizia shughuli yake dakani. Haulizwi wala haulizi zaidi.

Sasa linganisheni na jinsi ninyi na waliopewa leseni na ninyi mnavyotuomba habari zetu. Nataka kulala usiku mmoja lojing: toa kitambulisho kipigwe kopi. Nataka kumwona karani: andika namba ya simu. Nataka fomu ya basari ya mtoto: kopi ya baba, kopi ya mama, na ikiwa mmoja amekufa, kopi ya cheti cha kifo. Kila mtu anaingia hadi chumba cha ndani kwa shughuli ya dakani.

Kuna jambo moja linalofanywa vizuri huku, na nalisema kwa haki. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, tumezoea vizuizi vya usalama kwenye barabara ya Garsen. Basi husimama, tunashuka, tunapanga mstari, kila mmoja anaonyesha kitambulisho. Ni taabu, hasa kwa wazee na wenye watoto wachanga. Lakini mara zote nilizopita, askari amekitazama, akanitazama usoni, akanirudishia. Hakuandika. Hakupiga picha. Amepata anachohitaji, nami nimeondoka na kilicho changu. Kama barabara yenye hatari kiasi hicho inatosheka na kuonyesha, mwenye lojing ya vyumba vinne anahitaji kopi ya nini?

Na huku kwetu kitambulisho kina machungu yake. Ndugu zetu Wabajuni wamesimama mbele ya kamati za kuwahoji miaka na miaka, wakiulizwa vyeti vya babu waliozaliwa kabla ya kuwapo kwa afisi za kuandika vyeti. Wapo waliofika umri wa kuoa na kuolewa hawajakipata. Mwezi Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa mahojiano hayo ya ziada kwa watu wa kaunti za mipakani, na tulifurahi. Lakini ile miaka ya kukosa iliacha desturi ambayo sijasikia mkubwa yeyote akiitaja. Kijana asiye na kitambulisho atafanyaje apate laini? Anaazima cha binamu. Laini ya kijana imesajiliwa kwa jina la shangazi, laini ya shangazi kwa jina la mwanawe aliyeko Malindi, na mjomba mmoja mwenye kitambulisho ana laini tano zinazotumiwa na watu watano. Hawakukusudia uovu. Walikuwa wakisaidiana, kama tulivyolelewa. Ila siku mojawapo ya laini hizo ikitumiwa kumtapeli mtu Kakamega, polisi watamtafuta mjomba.

Kwa hiyo mnapotuambia katika redio kwamba wananchi wawe waangalifu, nawasikia, na mimi mwenyewe nawahubiria wateja wangu kutwa. Nawaambia namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo umeandikwa kwenye kadi. Nawaonyesha wenye laini za Safaricom jinsi ya kubonyeza *106# ili waone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na mara ya kwanza nilipofanya hivyo na mama mmoja wa Matondoni tulikuta namba mbili asizozijua. Nawaonyesha *100*100# ya kuzuia laini isibadilishiwe kadi nje ya maduka ya kampuni yenyewe. Nawaambia Safaricom huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000 tu, na ujumbe wa kitapeli wautume 333 bila malipo. Wakilazimika kuacha kopi ya kitambulisho, nawapa kalamu wachore mistari miwili ya kukingama juu yake na kuandika katikati: kwa shughuli fulani, tarehe fulani, basi. Kopi ya namna hiyo haimfai mwizi. Wanaokwenda saiba, duka la intaneti, kujaza ritani za kodi mwezi Juni nawasihi wabadilishe neno la siri wakitoka, maana wengi wanamwachia kijana wa saiba neno la siri, barua pepe na yote, na mwaka unaofuata wanamrudia yeye ili awakumbushe.

Na lipo moja ambalo ni la huku kwetu hasa. Dalili ya kwanza ya kuswapiwa laini, yaani laini yako kuhamishiwa kadi ya mwingine, ni mtandao kukatika ghafla. Mtu wa Nairobi mtandao ukimkatikia hushtuka. Mtu wa Kizingitini, wa Ndau, wa Kiunga, mtandao kumkatikia ni jambo la kila wiki. Ataiweka simu kando aseme utarudi. Ndivyo alivyofanya ami yangu baada ya kuiwasha tena. Basi nawaambia: mtandao ukipotea, mwulize jirani. Kama wake upo na wako haupo, na mko kampuni moja, usingoje asubuhi. Azima simu, pigia kampuni, ifungiwe laini saa hiyo hiyo.

Nayasema haya yote na yanasaidia. Lakini nimwambie nini mteja kuhusu daftari la afisi ya basi? Alikatae basi? Kijana aliyekataa kuandika namba ya simu kwenye geti la afisi alirudishwa nje mbele ya macho yangu, na alikuwa amekuja kufuata cheti cha mamake. Huwezi kumwambia mtu afunge mlango wake vizuri huku wewe umetengeneza funguo mia za mlango huo na kuziacha barazani.

Sheria si kwamba hakuna. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na kutodaiwa bila sababu habari za familia yake na mambo yake ya binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema habari zinazokusanywa zitoshe tu kwa shughuli iliyotajwa, wala zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Inasema habari zikivuja na kuwa na hatari kwa mwenyewe, aliyezishika amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Hata hoteli, wenye vyombo vya usafiri na watoa huduma za fedha wamo katika orodha ya wanaopaswa kusajiliwa na Kamishna hata wakiwa wadogo. Nilipolisoma hilo nilikwenda kuwauliza majirani zangu watatu wa biashara. Hakuna aliyekuwa amesikia.

Na nguvu mnazo. Septemba 2023, Mheshimiwa Kamishna, afisi yako ilitoza faini shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na siku zilezile mgahawa mmoja na mkopeshaji mmoja wa simu nao wakatozwa mamilioni. Agosti mwaka huohuo, watu walipojipanga Nairobi wakipigwa picha za mboni za macho ili walipwe, Serikali iliingilia ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Nililipenda jambo hilo. Nashukuru pia mlivyosimama Juni 2021, Wakenya walipofungua orodha za vyama vya siasa wakajikuta ni wanachama wa vyama wasivyovijua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijiondoa kwa mtandao, nikaona limekwisha. Sasa uchaguzi wa 2027 unakaribia, na watu wa vyama watahitaji tena majina na namba za vitambulisho kwa maelfu. Wanajua pa kuzipata. Ziko mezani kwangu na kwa wenzangu, na mwaka huu nimeshaulizwa mara moja kwa sauti ya chini kama naweza "kuazima" kitabu kwa usiku mmoja kwa shilingi elfu tano. Nilimfukuza aliyeuliza. Sijui wangapi aliwauliza kabla yangu.

Kosa la kujifanya mtu mwingine kwa kutumia neno lake la siri au alama yake ya utambulisho, kwa Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018, adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Naam. Lakini mwizi wa ami yangu hajulikani, na adhabu aliyoipata ami yangu inajulikana vizuri. Nitawasimulia.

Alikwenda kituo cha polisi, akaandikisha OB, ripoti katika kitabu cha matukio. Akaambiwa alete hati ya kiapo. Wakili, nauli ya boti, siku mbili bila kuingia baharini. Kampuni moja iliyomkopesha "yeye" ilipopigiwa, mtu wa upande wa pili alisema: namba ya kitambulisho ni yake, jina ni lake, simu iliyotumika ni yake, basi deni ni lake. Mzee akasema, mwanangu, mimi sijui hata programu yenu inafananaje. Akajibiwa kwamba mfumo unaonyesha. Wakaanza kumpigia mkewe. Wakampigia mkwewe. Kisha akawekwa CRB, kwenye rekodi za wasiolipa mikopo, na alipotaka mkopo wa ushirika wa kununua mashine ya boti, akaambiwa rekodi yake ni mbaya. Mzee wa miaka sitini na saba ambaye hajawahi kudaiwa hata na muuza maji. Miezi saba ilipita kabla deni moja kufutwa. La pili mpaka leo lipo.

Nataka tuielewe hoja ya yule mtu wa upande wa pili, kwa sababu ndani yake ndimo ugonjwa mzima ulimo. Anasema mwenye namba ndiye mwenyewe. Namba ya kitambulisho ilitengenezwa ili itutofautishe, mimi na mwenzangu mwenye jina kama langu, kwani huku akina Fatma Athman ni wengi. Kazi yake ni kama ya jina. Jina hutajwa hadharani, huandikwa, huitwa msikitini na sokoni, na hakuna anayeliona siri. Lakini ninyi mmeifanya pia kuwa ufunguo: anayeijua, pamoja na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kadi hiyohiyo, anaweza kuhamisha laini, kufungua akaunti, kuchukua mkopo. Kitu kimoja hakiwezi kuandikwa kwenye kila daftari la mji na wakati huohuo kuwa siri ya kumlinda mwenyewe. Chagueni. Kama ni siri, wakatazeni wote wanaoikusanya ovyo. Kama si siri, na ukweli ni kwamba imeshaacha kuwa siri, basi asikubalike mtu yeyote kuwa ni fulani kwa sababu tu anaitaja namba ya fulani.

Kwa wakuu wa kampuni za simu. Laini ya mtu ndiyo benki yake, ndiyo ushahidi wake, ndiyo inayopokea namba za kuthibitisha kila kitu kingine. Msiihamishe kwa maswali ambayo majibu yake yameandikwa kwenye kopi iliyofungia bajia. Anayetaka kadi mpya aje mwenyewe, na uso wake ulinganishwe. Na laini ikishabadilishiwa kadi, kwa siku mbili isiweze kukopa wala kutoa pesa zaidi ya kiasi kidogo cha matumizi. Najua mtalalamikiwa na waliopoteza simu kwa haki. Mimi ndiye nitakayekuwa nikiwaeleza hapa mezani, nami niko tayari kuwaeleza. Tena tuondoleeni kitabu. Miamala yote tayari iko kwenye mitambo yenu, na ujumbe humfikia mteja na humfikia wakala. Kitabu changu kinamlinda nani?

Kwa wenye mikopo, na kwa mnaowapa leseni. Mtu akisema hakukopa, na amekwenda polisi akaapa, mzigo wa kuthibitisha uwe wenu. Ninyi ndio mliotoa pesa kwa mtu msiyemwona. Wakati shauri halijaamuliwa asiwekwe CRB na wasipigiwe jamaa zake. Kwa sheria mtu ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Ami yangu aliijua haki hiyo baada ya kuumia. Mngemtumia ujumbe mfupi siku ile jina lake lilipofunguliwa mkopo wa kwanza, kwa namba ya pili ya jamaa aliyemchagua mwenyewe, angejua usiku uleule.

Kwa Kaunti yetu, sina maneno mengi. Ondoeni namba za vitambulisho kwenye orodha za ukutani. Majina na tarakimu tatu za mwisho zinatosha mtu kujijua. Fomu za basari zilizokwisha kazi zichomwe mbele ya mashahidi, si kuuzwa kwa kilo.

Kwako Mheshimiwa Kamishna nina ombi moja kubwa: njoo. Afisi yako ya huku pwani iko Mombasa. Kufika kwake ni boti hadi Mokowe, kisha basi kutwa nzima kupitia Witu, Garsen na Malindi, na kurudi hivyohivyo. Malalamiko hupokelewa kwa mtandao, ni kweli, na sheria inakutaka uyamalize ndani ya siku 90. Lakini aliyeibiwa laini ndiye huyo asiye na mtandao, na fomu ni ya Kiingereza kichwani mwake hata kabla hajaifungua. Njoo mwezi wa Maulidi, wakati mji umejaa watu wa Pate na Siyu na Faza na Kiunga. Kaa pale Mkunguni mbele ya Ngome, weka meza, zungumza Kiswahili, mwonyeshe mzee mmoja mmoja jinsi ya kuangalia laini zilizo kwa jina lake. Waite wenye lojing, manahodha wa boti za abiria, viongozi wa wavuvi, makarani wa mabasi, masoja wa mageti, na sisi mawakala. Wengi wetu tunavunja sheria hii kila siku kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa na waliotuajiri. Wakati wetu wa kuelekezwa vingine umepita zamani.

Mimi nimeanza kwa kadiri ya uwezo wangu. Kitabu hakikai tena wazi. Nimekata ubao wenye tundu la mstari mmoja, na mteja anaona mstari wake tu. Mteja akitoa kitambulisho nakitazama, namtazama, namrudishia. Lakini vile vitabu vinane viko bado ndani ya sanduku la bati, maelfu ya majirani zangu, waliohai na waliokufa, kila mmoja na namba yake na simu yake na sahihi yake. Nilipoanza kazi niliambiwa niviweke. Hakuna aliyeniambia mpaka lini, wala mwisho nimkabidhi nani. Nimenunua kufuli la pili, na usiku nikisikia paka juu ya bati naamka kutazama.

Nawaomba mnijibu kwa maandishi: vitabu hivi nivichome, au mnakuja kuvichukua? Na kama mnakuja, atakayevipokea atavihifadhi wapi?

Wenu kwa heshima,
Wakala wa fedha za simu, Langoni, Lamu